Boya la kurushia chambo chepesi: angalia tundu kwanza

Jumapili moja pale Mjimwema, maji yanajaa vizuri, nilipoteza ndani ya saa moja maboya matatu, yale ya kukipa chambo chepesi uzito wa kurushika mbali. Sikunasa jabali, wala sikuvutwa na samaki wa kuhadithia. Narusha tu, uzi unakatika hewani, boya linaondoka kama lina tiketi ya Zanzibar. Nikaulaumu uzi, nikalaumu fundo langu. Nilipofika nyumbani nikalitoa la nne kwenye pakiti, nikapitisha ukucha kwenye tundu lake. Mshono wa plastiki umesimama pale, mkali kama ukingo wa kopo.

Kwa hiyo rangi, ukubwa na umbo muulize muuzaji, atakwambia hata usipouliza. Mimi nataka uangalie tundu. Ukirusha chambo bandia cha gramu 2 au 3 unatumia uzi mwembamba, wa milimita 0.20 hivi, na boya linateleza juu ya uzi huo kila unaporusha na kila unapovuta. Mshono unaukwangua palepale, juu kidogo ya fundo, kimyakimya. Kipimo changu ni soksi nyepesi ya nailoni: kata kipande, kisokote, kipitishe tunduni, vuta mbele na nyuma. Kikinasa, boya hilo liache. Pima midomo yote miwili, kwa sababu wa chini ndio unaolalia fundo.

La kwanza kwangu, na sifichi upendeleo, ni A-Just-A-Bubble ya Rainbow Plastics, Marekani. Ni boya angavu la kutia maji, ila katikati limepitishwa mpira, na uzi unapita ndani ya mpira bila kugusa plastiki. Ukisokota mpira unabana uzi na boya linakaa mahali pamoja, ukiulegeza, linateleza. Uzito wa kurushia ni maji: mililita 15 ni kama gramu 15, chambo chako cha gramu 2 kinapata lifti ya bure. Likishatua baharini maji yale hayalizamishi, maana ndani maji, nje maji. Hewa iliyobaki ndiyo inayolishika juu. Mimi hutia nusu. Ukilijaza pomoni linazama taratibu, na kolekole wakiwa chini hilo ndilo unalolitaka. Kasoro yake ni kwamba mpira na jua la Dar hawapatani. Suuza kwa maji ya bomba, weka kivulini, usiliache kwenye dashibodi.

Kulifunga: boya, kisha ushanga, kisha suiveli (kile kiungo cha chuma kinachozunguka ili uzi usijisokote), kisha uzi wa mita moja hivi mpaka kwenye chambo. Fimbo ikiwa fupi, punguza uzi huo, la sivyo utashindwa kurusha. Ushanga usiuruke, ndio unaozuia boya kuponda fundo. Madukani ushanga wa kuvulia unauzwa kama dhahabu; mimi nilikata shanga zangu za zamani, na zilikuwa za kazi gani usiniulize. Kabla boya halijagusa maji, zuia uzi kidogo kwa kidole ili chambo kitangulie mbele, vinginevyo kitajisokota kwenye boya. Halafu vuta kidogo, acha kitulie kishuke, vuta tena. Mimi wengi nawapata kwenye ule utulivu.

La pili ni boya la mlio, lenye kichwa kilichobonyea, limepitishiwa waya. Uzi unafungwa kwenye vitanzi vya waya, kwa hiyo habari ya tundu haipo. Ukilishtua linapiga chubwi! na mzia anakuja kuangalia kuna nini. Tafuta lenye waya usioshika kutu.

La tatu ni yale maboya angavu ya vizibo viwili, yaliyoniliza. Yakifaulu soksi, chukua.

Lile jekundu na jeupe la kubana kwa springi, na kipande cha ndala, ni vya kuning'iniza ngisi kwenye ndoana. Tuendelee.

Sasa wauzaji. Kariakoo niliambiwa, "Dada, ukifungua pakiti umenunua." Tundu nitalikagua kwa ndoto? Duka jingine nikatajiwa elfu kumi na tano. Kaka aliyeingia nyuma yangu na ndoo inayonuka vibua akatajiwa elfu nane, boya lilelile, mbele ya macho yangu. Nikauliza kulikoni. "Aah, dada yangu, huyu ni mvuvi."

Siku hizi naingia dukani na ndoo. Soksi iko ndani yake.