Adapta ya sauti ya Sh 85,000, mita ya fundi na kanuni ya Zanzibar

Simu yangu haina tundu la jeki. Niliinunua nikilijua hilo, nikajipa moyo kwamba Bluetooth ingetosha, na kwa habari na mawaidha kweli inatosha. Ila nina hedifoni za waya, Sennheiser HD 600, na hizo siko tayari kuziacha kabatini.

Adapta ya kwanza niliichukua barabarani kwa Sh 5,000. Nikachomeka, muziki ukaendelea kupiga kwenye spika ya simu kana kwamba sijagusa kitu. Fundi simu wa mtaani kwetu akaichana kwa wembe akanionyesha: ndani waya mitupu. Adapta za namna hiyo hufanya kazi kwa simu chache ambazo zenyewe hutoa sauti ya analogi kupitia tundu la Taipu C. Yangu inatoa namba tu, na namba zinahitaji chipu ya kuzigeuza kuwa umeme unaoweza kutikisa spika. Chipu hiyo ndiyo inaitwa DAC. "Kaka, umeuziwa uzi," akaniambia, na wala hakunidai hela.

Ya pili, ya Sh 85,000, ndiyo ninayoizungumzia. Kampuni siitaji, maana nina malalamiko nayo, na madukani zimejaa nyingine zinazofanana nayo kama mapacha. Ni kipande cha alumini chenye ukubwa wa kidole gumba, na kimkia kifupi cha waya mgumu. Boksi linajitapa kwa biti 32 na kilohezi 384, vipimo vya jinsi sauti inavyokatwakatwa kuwa namba. Visikubabaishe. CD ni biti 16 na kilohezi 44.1, na Android katika simu nyingi hugeuza kila wimbo kuwa kilohezi 48 kabla haujafika kwenye adapta, isipokuwa utumie programu kama USB Audio Player PRO ambayo huipita njia hiyo. Namba iliyonifanya nitoe pesa ilikuwa nyuma ya boksi, kwa maandishi madogo: volti 2, yaani nguvu ya umeme inayoweza kupeleka kwenye hedifoni.

Ya kulinganishia niliazima kwa mpwa wangu: adapta ya Apple ya Taipu C, ile nyeupe nyembamba inayouzwa dola 9 Marekani. Yake ni toleo la Marekani, linalotoa volti 1. La Ulaya hutoa nusu ya hapo. Zote mbili nilizijaribia kwenye laptopu, kwa sababu hiyo nyeupe ikichomekwa kwenye simu nyingi za Android hutoa sauti ndogo kuliko uwezo wake, na hapo ungekuwa ushindani wa dhuluma.

Siku ya kwanza nilikosea kama wakoseavyo wengi. Nilichomeka nyeupe, nikasikiliza, nikachomeka ya alumini, na loo! Besi imeshiba, sauti ya mwimbaji imenijia karibu, nikaanza kumsifia muuzaji. Kumbe ile ya alumini ilikuwa inapiga kwa nguvu zaidi, basi. Sikio likipewa sauti iliyozidi kidogo huiita bora, halijui kwamba ni kubwa tu.

Nikarudi kwa fundi kuazima mita. Nikapiga toni ya hezi 60, maana mita za bei rahisi hupima vizuri karibu na masafa ya umeme wa nyumbani, nikaweka kigawanyio cha jeki, kinachotoa matundu mawili kutoka moja, ili hedifoni zibaki zimechomekwa wakati napima. Kwa volyumu ya mwisho nyeupe ilisoma volti 1 kamili, ya alumini 1.9. Kisha nikazishusha zote hadi volti 0.2, nikihangaika na kitufe cha volyumu mpaka zikatofautiana kwa tarakimu ya mwisho tu. Nikageukia ukuta, mpwa wangu akawa anazibadilisha, au anajifanya kuzibadilisha, na mimi nataja ipi ni ipi.

Nilichagua rekodi ya Culture Musical Club wa Zanzibar, kwa sababu ya kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi inayolazwa na kudonolewa katika taarabu. Kanuni kila noti ina nyuzi zake, kwa kawaida tatu, na hata ikiwa imetiwa sauti vizuri hizo tatu hazilingani kabisa. Kidole kikidonoa unasikia ncha ya ule mdonoo, halafu mng'ao unaotetemeka mpaka unafifia nyuma ya fidla. Kifaa kibovu hula huo mwisho. Hapa sikupata kilicholiwa. Nilirudia kipande kilekile cha sekunde kama 20, nikafumba macho, nikazuia hata pumzi. Katika mara 10 nilipatia 5.

"Mjomba, bora ungerusha shilingi," mpwa wangu akasema.

Sikumjibu. Moyoni nilikuwa napiga hesabu ya Sh 85,000.

Lakini volti 2 hazikuwa za bure. Nina rekodi za zamani za taarabu zilizorekodiwa kwa sauti ya chini mno. HD 600 zina omu 300, yaani zinaupinga umeme sana, zinataka volti kuliko iafoni za kawaida. Kwa hizo rekodi, adapta nyeupe niliifikisha mwisho wa volyumu na bado nikawa natamani kidogo. Haikwaruzi, inaishiwa tu. Ya alumini ilikuwa na akiba. Akiba yenyewe usiifanye kubwa: volti zikizidi mara mbili unapata desibeli 6 tu, yaani sauti imepanda vya kutosha kugundua, nyumba haijatikisika. Na kwa diski za Siti binti Saad, aliyeanza kurekodi Bombay mwaka 1928, hakuna adapta itakayokuondolea mchakacho. Utausikia vizuri zaidi, basi.

Sasa malalamiko. Kwa iafoni zangu za omu 16 ya alumini ina kile kimlio cha "sssss" chembamba katikati ya nyimbo. Nyeupe kimya kabisa. Wimbo ukisimama kwa muda chipu inalala, na ukianza mwingine nusu sekunde ya kwanza inamezwa. Kwa bongofleva hutajali, kwa udi unaoanza peke yake inaudhi. Halafu simu ikiangukia mtandao wa 2G, kabla hata haijaita, sikioni unapata "trr-ti-ti-trr" kama redio za zamani. Mfukoni ndiyo usiseme: kile kimkia kigumu kinalivuta tundu, ukikaa vibaya kwenye daladala muziki unakatika. Inapata joto pia, lakini joto la kuvumilika, na chaji inakula kuliko nilivyotarajia.

Basi, kama una iafoni za kawaida, nunua nyeupe na ukague usije ukapewa toleo la Ulaya. Mwenye hedifoni za omu nyingi aende kwenye ya volti 2, ila apuuze kilohezi za boksi. Yangu sasa inakaa mezani, imechomekwa kwenye laptopu, na HD 600 hazitoki hapo. Nyeupe nimemrudishia mwenyewe, nikamwomba akipata mtu anayetoka Marekani aniagizie ya kwangu.