Pembetatu ya Pascal au kanuni ya binomia?

Mwanafunzi wa Senior 5 hapa Uganda akiniletea (x + 2)⁵ ili afungue mabano, namwelekeza kwenye pembetatu ya Pascal bila kusita. Kila namba ya ndani ni jumla ya mbili zilizo juu yake, na mstari tunaoutaka ni 1, 5, 10, 10, 5, 1. Uzidishe, kwa mpangilio, kwa 1, 2, 4, 8, 16, 32 (yaani 2⁰ hadi 2⁵): x⁵ + 10x⁴ + 40x³ + 80x² + 80x + 32. Inapendeza, na makosa huonekana upesi.

Lakini ukiulizwa kizigeu (namba inayozidisha) cha x⁹ tu katika (x + 2)¹², usichore mistari yote hiyo. Muda wa mtihani ni mali. Kanuni ya binomia, inayokokotoa namba ya pembetatu moja kwa moja, inatoa (12 × 11 × 10) ÷ (3 × 2 × 1) = 220, mara 2³, yaani 1760.

Kwa (1 + x)ⁿ yenye kipeo ½ au −1, pembetatu haifiki. Kanuni inafika, mradi x iwe kati ya −1 na 1.