Visu vya kukunja vya jadi: kipi ununue kwanza ukiwa Lubumbashi

Ukitaka kuanza kukusanya visu vya kukunja, swali la kwanza ni pesa ya kisu cha kwanza iende wapi. Nimevipanga vitano kuanzia ninachokipenda zaidi, na kipimo changu ni kazi. Visu hivi vilitengenezwa vimenye embe, vikate kamba, vichonge kijiti, kisha virudi mfukoni. Kisu kinachofungiwa sandukuni kikisubiri wageni wakitazame kimenyimwa nusu ya maisha yake.

1. Okapi

Wengi watabisha, lakini namba moja kwangu ni Okapi. Kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902, kwa ajili ya kuuzwa katika makoloni ya Wajerumani barani Afrika. Mwaka mmoja tu kabla, 1901, wataalamu wa Ulaya walikuwa wamemtambua rasmi okapi, mnyama ambaye makazi yake ni misitu ya Kongo peke yake. Jina la mnyama wetu wa Ituri likapigwa chapa kwenye chuma cha Wajerumani, likarudi Afrika mifukoni mwa wakulima na wafanyakazi. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 kisu hiki kinatengenezwa Afrika Kusini, na bidhaa nyingi za huko hutufikia kwa barabara ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Mkusanyaji wa Lubumbashi akikosa Okapi, mkusanyo wake una pengo mlangoni.

Kinachojulikana zaidi ni kile chenye mpini wa mbao uliopambwa kwa miezi na nyota za chuma, na pete ndogo mgongoni. Ukikifungua kinalia tra-tra-tra, meno ya kufuli yake yakishika moja baada ya jingine. Kukifunga, vuta pete kwanza. Chuma chake ni cha kaboni, laini kiasi, hivyo hunoleka upesi hata kwa jiwe la kawaida. Kwa kumenya muwa sijaona kinachokishinda kwa bei yake.

Ila havilingani. Viwili vilivyotoka katoni moja vinaweza kutofautiana kama mtu na jirani yake, kwa hiyo usipokee cha kwanza unachopewa. Mwombe muuzaji: “Papa, nipe vitano nivitazame.” Fungua kila kimoja polepole, shika ncha ya ubapa uitikise kushoto na kulia: kikicheza sana, rudisha. Kifunge uangalie kwa juu kama ubapa umekaa katikati ya mpini au unasugua upande. Kiinue kwenye mwanga. Mwanga mwingi kati ya mbao na chuma ni dalili ya misumari iliyolegea. Jihadhari pia na waliobandika jina kwenye bati jepesi: chapa ya kweli imepigwa ndani ya chuma, haifutiki kwa kidole.

Na jambo moja la heshima. Katika nchi kadhaa za kusini Okapi kimepata sifa mbaya ya kuwa silaha ya wahuni. Usikitoe kwenye basi wala mbele ya askari. Kiache nyumbani, shambani au kwenye kikapu cha matembezi.

2. Opinel namba 8

Kwa kukata tu, hiki ndicho bora kati ya vyote vitano, na anayetaka kisu kimoja maishani anunue hiki. Joseph Opinel alikianzisha mwaka 1890 huko Savoie, Ufaransa, na mwaka 1955 ikaongezwa pete inayozungushwa shingoni ili ubapa usijifunge kwenye vidole. Ubapa wa namba 8 una sentimita 8.5, mwembamba, unapita ndani ya nyanya bila kuiponda. Nimekiweka cha pili kwa sababu hapa kwetu mara nyingi hupatikana kwa kumwagiza ndugu anayetoka Ulaya.

Mbao yake huvimba. Mvua za Novemba zikianza, ubapa hukataa kutoka. Wenyewe wa Savoie hawavuti kwa kucha: hugonga kitako cha mpini mezani, na ubapa hujitokeza kidogo. Kikizidi kukaza, kianike kivulini, kamwe si juani wala karibu na mbabula.

Utaulizwa unataka kaboni au chuma kisichoshika kutu. Mimi nasema kaboni, kwa sababu hunoleka vizuri na huvaa rangi ya kazi yake. Embe, ndimu na kitunguu vitakipaka kijivu na buluu. Hiyo si kutu, iache. Kutu ni nyekundu, na hiyo iondoe siku hiyohiyo. Kifute kikavu kila baada ya kazi, kisha tone moja la mafuta ya parafini ya duka la dawa. Mafuta ya kupikia huganda kwenye kiungo. Usikihifadhi ndani ya ala ya ngozi wakati wa mvua, kwani ngozi hutunza unyevu.

3. Douk-Douk

Kinatoka Thiers, mji wa mafundi visu wa Ufaransa, tangu mwaka 1929. Mpini wake ni bati moja lililokunjwa, lenye picha ya pepo wa Melanesia, maana kiliundwa kwa ajili ya wateja wa visiwa vya Pasifiki. Ni chembamba mno mfukoni. Hakina kufuli, springi pekee ndiyo inayoshika, hivyo usichome nacho kitu kigumu.

4. Victorinox

Kisu cha ofisa cha Uswisi, cha mwaka 1897. Kizuri, hakishiki kutu, kina vifaa vyake vya kufungulia kopo na chupa. Sina ugomvi nacho. Ila chenye mpini wa alumini ndicho kinachonivutia, kile chekundu nawaachia wasafiri.

5. Laguiole

Kizuri kuliko vyote kwa macho, na nimekiweka mwisho kwa sababu ya hatari ya mnunuzi. Jina hili la kijiji kilichoko Aveyron, Ufaransa, limetumiwa na watengenezaji wengi, wakiwemo wa Asia, na nyuki aliyechongwa kwenye springi hathibitishi chochote. Cha kweli, cha Laguiole au Thiers, mara nyingi huzidi euro 100. Ukiuziwa kwa bei ya soda, kinunue kama kisu cha kawaida au uache. Tafuta jina la karakana kwenye ubapa, sikiliza springi ikifunga, na usikiachie kijifunge kwa kishindo, maana makali yanaweza kugonga chuma cha ndani.

Anayekuletea kutoka Ulaya mkumbushe akiweke kwenye sanduku la chini ya ndege. Kikikutwa kwenye mkoba wa mkononi kitanyang'anywa, na kisu cha euro 100 kitabaki uwanjani.