Vidonge vya swaumu au mafuta ya samaki: panya walionyesha nini

Juzi niko duka la dawa Kariakoo na mama mdogo, kashika karatasi ya vipimo, kolestro juu na trigliseraidi, yale mafuta mengine ya kwenye damu, ndo juu zaidi, muuzaji anatoa makopo mawili, kitunguu swaumu na mafuta ya samaki, vile vidonge vya njano ukiviinua kwenye mwanga vinang'aa kama asali, anasema vyote vimejaribiwa kwa panya vikafanya kazi. Kweli, ila havifanyi kazi moja.

Swaumu, kwa panya na sungura waliolishwa mafuta mengi, mara nyingi imeshusha kolestro, inabana ini lisitengeneze nyingi. Shida alisini, ile inayotoa harufu ukiponda punje, haikai, ndo maana majibu yanapishana sana kutegemea imeandaliwaje.

Samaki yeye anapiga trigliseraidi, ini linapunguza kumwaga mafuta kwenye damu, na kwa watu pia imeonekana, ila kwa gramu 2 mpaka 4 za omega-3, yale mafuta yenyewe ya samaki yanayofanya kazi, kwa siku chini ya daktari, sio kidonge kimoja asubuhi.

Na jamani panya sio sisi, kolestro yake nyingi inabebwa na HDL, vibebeo vya ile kolestro tunayoita nzuri, kwahiyo namba zake usizihamishie kwako hivihivi.

Mi kwa vipimo vile nachagua samaki. Lakini nikamwambia, "Mama mdogo, we unameza dawa ya kuzuia damu kuganda, hivi vyote vinaweza kuongeza kutoka damu, tumuone daktari kwanza." Tukaondoka bila kununua.