Masika hii anza na ya miguuni, koti baadaye

Mwezi wa tatu ukikaribia tu watu wananiuliza ninunue koti gani la mvua, na mimi nawauliza, we una viatu gani kwanza? Natembea Kigogo mpaka Kariakoo siku nyingi tu za masika, maana mvua ikipiga bodaboda wanapandisha bei na mto Msimbazi ukijaa pale Jangwani barabara inafungwa, kwahiyo vitu vya mvua nimeshanunua karibu vyote vinavyouzwa na vingine nimeshatupa. Dar maji ya juu sio ishu kihivyo, baridi hakuna, ukilowa utakauka. Ishu ni maji ya chini na jasho la ndani ya koti. Ndo maana nimepanga hivi, pesa ya kwanza kutoka mpaka ya mwisho.

Namba moja ni gambuti. Utachekwa kwamba umetoka Feri kununua samaki, poa wacheke. Yale maji ya mtaani sio mvua peke yake, kila mtu anajua kuna watu wakiona wingu tu wanatapisha vyoo, afu we unapita humo na kidonda cha kidole umevaa ndala. Ile homa ya mgunda iliyotokea Lindi 2022, kitaalamu leptospirosisi, inaenezwa hivohivo, mkojo wa panya na wanyama wengine unaingia kwenye maji, maji yanakuingia kwenye mchubuko. Sasa chukua fupi, zinazoishia katikati ya ugoko, achana na za magotini, kwasababu maji yakipita juu ya mdomo wa gambuti umebeba ndoo mbili miguuni, na maji yakiwa ya urefu huo we hupaswi kuwa humo, geuza urudi. Dukani jaribu ukiwa na soksi nene, tembea kidogo, kisigino kikipanda na kushuka ndani jua utatoka malengelenge kabla hujafika Msimbazi. Afu ikunje pale shingoni kwa mkono, ikitoa mistari myeupe au ikiwa ngumu kama ndoo rudisha, itapasukia hapohapo. Mwisho igeuze uone soli, ikiwa laini laini utateleza kwenye vigae vya kwanza utakavyokutana navyo. Viatu vya kazini unaweka kwenye begi, unabadilisha ukifika.

Kama bajeti haifiki gambuti, chukua yeboyebo zenye mkanda wa nyuma, ila hizo ni za tope na madimbwi, sio za mafuriko. Malapa hapana jamani. Tope linavuta, kamba inachomoka, mi nimeshawahi kutoka Karume na lapa moja, lingine nililiona linaelea linaenda zake.

Namba mbili mwavuli, na nasema mwavuli wa fimbo, ule mrefu, sio wa kukunja wa kuingia kwenye pochi. Sababu yangu watu hawaitegemei: mtaa ukijaa maji huoni mtaro uko wapi wala chemba ipi haina mfuniko, unaufunga mwavuli unapima nao mbele hatua kwa hatua kama mzee wa bakora. Utalowa kichwa, sawa, ila hutatumbukia mpaka kiunoni. Ukinunua ufungue palepale dukani utikise, njiti za fibaglasi zinapinda na upepo zinarudi, za bati jembamba zikipinda ndo zimepinda.

Namba tatu ndo koti sasa. Zile seti nzito za plastiki, koti na suruali, wanazovaa madereva bodaboda ni nzuri kwa bodaboda, anakaa na upepo unampiga. We unayetembea, robo saa tu inatosha: maji hayapiti kuingia na jasho halipiti kutoka, unafika umelowa kuliko asiye na koti. Tafuta la mtumba la nailoni nyepesi lenye kofia, na kama lina zipu za kwapani usilijadili, lipa. Kwanza ligeuze ndani nje. Mishono iwe imefunikwa na utepe, utando wa ndani usiwe unanata wala kubanduka. Mi niliuziwa moja zuri kwa nje kweli, wiki ya pili ndani likawa linatoka magamba kama nyoka, shati jeupe likajaa unga. Pia mwagia maji kidogo ya chupa, yakikaa matone yanateleza vizuri, yakizama acha.

Wanaoniuliza Gore-Tex, yale makoti ya kitambaa kinachozuia mvua ila kinapitisha mvuke wa jasho: kama unapanda Kilimanjaro au unakwenda kutembea milima ya Lushoto, nunua bila kujuta. Ile inatoa mvuke wa mwili vizuri pale nje kukiwa na baridi kuliko ndani. Dar mwezi wa nne nje kwenyewe ni joto na unyevu, huo mvuke uende wapi?

Namba nne ponjo (poncho) la plastiki nyembamba, la kukunja, linakaa chini kabisa ndani ya begi kwa ajili ya dharura. Linafunika mpaka begi, upepo unaingia kwa chini. Linachanika, ndio, na ni bei rahisi.

Mkiani kabisa suruali ya jinsi na raba za kitambaa. Jinsi ikilowa inavuta chini kama umebeba mtoto, inakauka kesho kutwa. Vaa traki nyepesi.

Na simu? Zamani ilikuwa rambo, ile mifuko ya plastiki, toka Juni 2019 imepigwa marufuku, mi naweka kwenye kontena la chakula lenye mfuniko wa kubana.

Nunua Februari jua likiwa kali, mvua ikianza wauzaji wa Mtaa wa Kongo hawana haja ya kupunguza hata mia. Na gambuti ukirudi nazo jaza magazeti makavu, zilaze kibarazani, asubuhi zikung'ute kabla hujaingiza mguu. Mwaka jana nilikuta chura.