Laki mbili zangu na doa la hina

Nimeshalala hoteli nyingi za Dar es Salaam, nyingine nikijilipia na nyingine nikilipiwa na ofisi, na sijawahi kukaa chini kuandika juu ya hata moja. Hii naiandika kwa sababu laki mbili zangu zilibaki zimefungwa siku 11 baada ya kutoka hotelini, na safari nzima nusura iharibiwe na shuka ambalo hatukulichafua sisi. Jina la hoteli nalihifadhi. Ipo Upanga, si ya kifahari wala si gesti, na nina hakika yaliyonikuta pale yanawakuta wengi kwingine.

Tulitoka Dodoma mimi na binti yangu kwa treni ya SGR, tukashuka Stesheni ya Magufuli, tukachukua bajaji. Mtoto wa mdogo wangu alikuwa anaolewa Jumamosi, na sisi tuliingia Alhamisi ili Ijumaa tuwahi hina. Nyumba ya mdogo wangu pale Ilala ilikuwa imejaa wageni wa Tanga mpaka koridoni, ndiyo maana nikachukua chumba cha vitanda viwili kwa 130,000 usiku mmoja, na chai ya asubuhi humo humo. Chumba chenyewe sina neno nacho. Kiyoyozi kinapoza, maji ya moto yapo saa zote, na chapati za asubuhi zinakuja zikiwa bado na mvuke.

Mambo yalianzia mapokezi. Kijana alinipa shikamoo vizuri, akachukua kitambulisho, nikalipa siku tatu zote. Kisha akasema, "Mama, kuna dipoziti ya laki mbili. Hatukati, tunaishikilia tu kwenye kadi, mkitoka inaachiwa." Nikampa kadi, akaswaipu. Ujumbe wa benki ukaingia pale pale: salio limepungua laki mbili. Nikamwonyesha simu. Akarudia kwamba haijakatwa, imeshikiliwa tu. Hakunipa karatasi ya masharti wala hakusema dipoziti ile ni ya nini hasa. Nami kwa uchovu wa safari sikuuliza, nikachukua ufunguo tukapanda.

Nieleze hapa jinsi jambo hili linavyokwenda, maana mimi mwenyewe nililielewa baadaye, benki waliponifafanulia. Hoteli inaposhikilia dipoziti kwenye kadi haijachukua pesa. Mashine inaiomba benki yako itenge kiasi fulani, benki inatoa namba ya idhini, na tangu hapo pesa ile inabaki kwenye akaunti yako lakini huigusi. Siku ya kuondoka, hoteli ama inakamilisha makato, yote au sehemu, ama inaachia. Isipofanya lolote, pesa inakaa imefungwa mpaka muda wa idhini uishe, na kwa taratibu za mitandao ya kadi muda huo kwa hoteli unaweza kufika mwezi mzima. Mwenye kadi ya mkopo haumii sana, kwa sababu kilichofungwa ni nafasi yake ya kukopa. Lakini wengi wetu huku tunatembea na kadi ya akaunti ile ile inayopokea mshahara. Kinachofungwa ni unga wa nyumbani. Ijumaa mchana nilisimama mbele ya fundi wangu Kariakoo, gauni likiwa tayari kwenye hanga, nikapiga hesabu upya kwa sababu laki mbili nilizozitegemea hazikuwepo. Mdogo wangu ndiye aliyeniazima, na yeye ndiye mwenye harusi.

Harusi ilikwenda salama, alhamdulillah. Jumapili saa nne asubuhi tukashusha mabegi. Treni yetu ilikuwa ya mchana, na stesheni wanataka ufike mapema. Kijana wa mapokezi akasema, "Mkae kidogo mama, wakakague chumba." Tulikaa kwenye sofa dakika 40. Aliporudi alikuwa na karatasi mkononi.

"Mama, kuna doa la hina kwenye shuka na kwenye foronya. Shuka ni dola 45, foronya dola 15. Kwa shilingi inakuja 150,000. Tutakata kwenye dipoziti, inayobaki itaachiwa."

Nikamuuliza ameliona kwa macho yake? Hapana, ameambiwa na watu wa usafi. Nikasema, mwanangu, naomba niletewe hilo shuka nilione. Akasita, akasema vimeshapelekwa kwa dobi. Nikamwambia basi virudi kutoka kwa dobi, mimi sitalipia kitu nisichokiona.

Baada ya muda dada wa usafi akaja amevikumbatia vyote viwili. Nikavitandaza juu ya meza ya mapokezi, mbele ya wageni wengine, na wala sikuona haya.

Foronya ilikuwa na doa la ukubwa wa kidole gumba, rangi ya chungwa, na kwenye mshono zilikuwa zimebaki chembe za hina kavu, kama majani ya chai yaliyosagwa. Binti yangu akainamisha kichwa. Hilo lilikuwa letu. Alilala hina ikiwa bado kiganjani, plastiki aliyofungiwa ikamvuka usiku.

Shuka lilikuwa na habari nyingine kabisa. Mama yangu mdogo, Tanga, amepaka hina mabibi harusi karibu maisha yake yote, na nilipokuwa msichana kazi ya kufua vitambaa vyake ilikuwa yangu. Hina ya jana ina rangi kali, na ukiisugua kwa kidole kilicholowa, kidole nacho kinapata rangi. Doa la shuka lile lilikuwa pana kama kiganja, rangi ya chai ya maziwa, kingo zimefifia zikamezwa na weupe. Kitambaa kulizunguka kilikuwa kimepauka na kulegea, unaona kabisa jiki imepita hapo, tena si mara moja. Nililowesha kidole kwa maji ya kunywa nikasugua mbele ya kijana yule. Kidole kilitoka cheupe. Tena doa lilikuwa karibu na pindo lenye nembo ya hoteli, na dada wa usafi nilipomuuliza alisema pindo hilo hutandikwa upande wa miguuni. Binti yangu alipaka mikononi tu.

Akaitwa meneja wa zamu. Nampa haki yake: alisikiliza, akashika shuka mwenyewe, akaligeuza kwenye mwanga wa dirisha, akanyamaza kidogo. Nikamwambia mambo mawili. La kwanza, foronya nalipa, ila kwa bei ya foronya. La pili, ile orodha yao ya bei, iliyobandikwa ndani ya mlango wa kabati nyuma ya hanga, haipaswi kuwa ya dola. Tangu tarehe 28 Machi 2025 kanuni zinakataza kutaja bei za bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Akajibu kwamba ni orodha ya zamani, haijabadilishwa. Tukaelewana 20,000 kwa foronya, nikailipa taslimu, nikadai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, nikapewa. Akaahidi kwamba laki mbili yote itaachiwa siku ile ile.

Wakati tunabeba mabegi, dada wa usafi alitufuata mpaka mlangoni akasema kwa sauti ya chini, "Mama usinichukulie vibaya. Shuka likionekana limeharibika mgeni ameshaondoka, tunaulizwa sisi." Sikumchukia hata kidogo. Maneno yake yalinifungua macho kuliko yote niliyoyasikia pale. Mtu anayejua kwamba doa lisilo na mwenyewe litatafutwa kwake, lazima alitafutie mgeni. Na mgeni mwenye hina mikononi ndiye aliye karibu.

Mimi naona kosa lote liko kwenye ukaguzi. Chumba kinakaguliwa mgeni akiwa chini kwenye sofa, na hukumu inashuka ngazi ikiwa imeshaandikwa. Siku ya kuingia hakuna aliyekikagua pamoja na mimi, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema doa lile lilikuwepo au halikuwepo Alhamisi. Kama nisingekuwa nimefua hina utotoni ningelipa 150,000 nikaondoka nikimgombeza mwanangu bure, njia nzima mpaka Dodoma. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, zaidi ya pesa.

Na hata kama doa lingekuwa letu, dola 45 ni bei ya shuka jipya. Shuka la hoteli linakuwa jeupe makusudi, ili likichafuka liroweshwe na kupigwa jiki lirudi kazini. Linafuliwa mara nyingi mno kabla halijastaafishwa likawa matambara ya kudekia. Huwezi kumtoza mgeni bei ya jipya kwa shuka ambalo limeshatumikia nusu ya maisha yake, kisha ukalifua na kumtandikia mgeni mwingine. Shemeji yangu ni wakili, na nilipomsimulia alinitajia kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba. Kama mkataba umetaja kiasi cha kulipa, kiasi hicho ni kikomo cha juu tu. Anayedai anastahili fidia ya haki isiyozidi hapo. Kwa hiyo orodha ya bei ndani ya kabati haimalizi mjadala, hata ikiwa ya shilingi.

Sasa laki mbili. Jumapili ikapita, Jumatatu, Jumanne. Ijumaa nikapiga simu hotelini: "Sisi tumeshaachia mama, waulize benki." Nikaenda tawini. Benki: hawajapokea taarifa yoyote ya kuachia, waulize hoteli. Wiki ya pili nikarudi tena, na safari hii nilimpata dada mmoja wa huduma kwa wateja aliyejua kazi yake. Akaniuliza kama nina kile kikaratasi cha mashine cha siku ya kuingia. Nilikuwa nacho, nilikikunja kwenye kava ya simu. Kwenye kikaratasi hicho kuna namba ya idhini, na ndiyo inayotafutwa. Akaniambia niombe hoteli waandike barua fupi yenye namba ile, tarehe na kiasi, wakisema hawana dai. Meneja wa zamu aliituma kwa barua pepe jioni ile ile. Kesho yake asubuhi, siku ya 11 tangu tutoke hotelini, simu ikalia na salio likarudi. Yaani kilichokuwa kinangojwa ni barua ya mistari mitatu.

Kwa hiyo ukishikiliwa dipoziti kwenye kadi, kikaratasi kile usikitupe hata kama kimefifia, kipige picha. Na kisome hapo hapo: kuna mahali wanaswaipu kama mauzo kamili badala ya kushikilia, na hapo si kuachiwa tena, ni kurudishiwa, jambo refu zaidi. Ukitoa dipoziti kwa simu, kwa Lipa Namba ya hoteli, nayo inaingia kwenye akaunti ya biashara, na kurudi kwake kunamsubiri mhasibu, ambaye Jumapili hayupo. Mimi siku hizi nikikubaliwa natoa taslimu na kudai risiti yenye muhuri.

Nyota naipa mbili kati ya tano. Moja ni ya chumba na chapati. Ya pili ni ya meneja aliyekubali kulishika shuka mwenyewe na kulitazama kwenye mwanga. Tatu nilizozizuia wangezipata bila gharama yoyote, kwa kumpandisha mtu mmoja na mgeni chumbani siku ya kuingia na siku ya kutoka.

Nasema hivyo kwa sababu nimeliona likifanyika. Miezi miwili baadaye nilirudi Dar kwa arobaini ya bibi harusi mwingine wa ukoo huo huo, aliyekuwa amejifungua, nikalala hoteli ndogo Magomeni, nusu ya bei ya ile ya Upanga. Mama wa mapokezi alichukua 50,000 taslimu, akaandika kwenye daftari, nikasaini, akachana nakala akanipa. Kisha akatazama mikono yangu. "Dada, naona umepaka hina. Ngoja nikutandikie mashuka ya rangi." Akaja mwenyewe na mashuka ya kahawia na taulo jeusi la kufutia uso, akasema meupe ni mazuri lakini hayapendani na harusi. Tukazunguka chumba pamoja. Akanionyesha ufa kwenye kioo cha bafuni, akauandika.

Siku ya kutoka alipanda na mimi tena. Alifunua shuka, akahesabu mataulo, akafungua bomba na kulifunga. Ufa wa kioo akaugusa kwa kidole, akasema, "Huu ni wetu." Tukashuka, akanihesabia 50,000 yangu, nikasaini daftari. Haikufika dakika tano.