Uamuzi wa awali wa kodi: nyota tatu kati ya tano

Nashughulikia hesabu na kodi za wawekezaji wa nje. Katika huduma zote za mamlaka ya kodi, ninayowaombea wateja mara nyingi zaidi ni uamuzi wa awali. Kwa asiyeifahamu: kabla hujasaini mkataba, unaiandikia mamlaka kuieleza nani atamlipa nani na kwa kazi gani, unaambatisha rasimu, kisha unauliza sheria itautozaje mpango huo. Jibu la maandishi linaifunga mamlaka, mradi ulisema ukweli wote na ukafanya kama ulivyosema. Nchi nyingi wanayo huduma hii, kwa jina hili au lile.

Mteja wangu wa karibuni alikuwa analeta mashine za kufungashia bidhaa, anazikodi kutoka kwa kampuni mama iliyo nje. Alitaka kujua kama malipo ya ukodishaji yatakatwa kodi ya zuio (ile anayoikata mlipaji kabla ya kulipa) kama mrabaha, yaani malipo ya kutumia mali ya mwingine, au yatahesabiwa kama faida ya kawaida ya biashara, na mkataba wa kuzuia kodi mara mbili utamsaidia wapi. Tofauti hiyo peke yake ingeweza kuua mradi. Mkurugenzi wake wa fedha, mama asiye na maneno mengi, hakulalamikia kiwango hata siku moja. Kila tukikutana aliuliza: "Na mwakani?"

Hapo ndipo watu wengi wanapowaelewa vibaya wawekezaji. Wapo wanaokimbia kodi kubwa, sikatai, ila wengi ninaowahudumia wanaiingiza kwenye bei na kusonga mbele. Kinachowashinda kukipigia hesabu ni sheria inayogeuka fedha zikiwa zimeshazama kwenye jengo na mitambo. Ayalandi ilishikilia asilimia 12.5 kwa faida za biashara tangu 2003. Mwaka 2024 ilipoanza kuyatoza angalau asilimia 15 makundi ya kampuni yenye mauzo ya kuanzia euro milioni 750, hakuna mhasibu aliyeshtuka, maana ilikuwa imeyakubali makubaliano ya kimataifa ya kiwango hicho cha chini tangu 2021. Kodi ilipanda, lakini kila mtu alikuwa na muda wa kupanga upya hesabu zake.

Turudi kwenye huduma. Jibu tulilopata lilikuwa zuri kuliko nilivyotarajia: limetaja vifungu, limeeleza sababu, halikujificha nyuma ya "itategemea". Benki iliyokuwa inamkopesha mteja iliomba nakala kabla ya kutoa fedha, na kwangu hicho ndicho kipimo cha barua yenye thamani. Kasi, hapana. Kila wakiomba nyongeza ya nyaraka siku zinaanza kuhesabiwa upya, na kuna kiambatisho tulichotuma zaidi ya mara moja kwa sababu faili lilibadilisha mikono. Mamlaka hiyo siitaji, lakini nusu nyota imeondoka hapo.

Nyota nzima imeondoka kwa sababu nzito zaidi. Barua inaifunga mamlaka, hailifungi bunge. Waliokuwa kwenye kazi hii watakumbuka kampuni ya simu ya Vodafone na India. Kampuni hiyo ilinunua hisa za Hutchison katika biashara ya simu ya India mwaka 2007, ikadaiwa kodi, ikapigana hadi Mahakama ya Juu ya India na kushinda Januari 2012. Miezi michache baadaye bunge likabadilisha sheria na kuifanya ihesabike kuwa inatumika tangu 1962. Sheria hiyo ilifutwa 2021, lakini kwa takribani miaka kumi kila mwekezaji aliyeingia India aliwauliza wanasheria wake swali la yule mama. Kama hata hukumu ya mahakama ilipitwa, barua ya ofisa itasimamia wapi?

Kisha kuna Apple. Ayalandi iliipa maamuzi ya aina hii 1991 na 2007. Mwaka 2016 Kamisheni ya Ulaya ikasema ule ulikuwa msaada haramu wa serikali na kuamuru kodi ya hadi euro bilioni 13 irejeshwe, na Septemba 2024 mahakama ya juu ya Umoja wa Ulaya ikaafiki. (Ayalandi yenyewe, iliyokuwa inalipwa, ilipinga.) Tangu hapo, mteja akitaka niombe uamuzi wenye nafuu ambayo jirani yake hawezi kuipata, ninasita. Unaohimili ni ule unaoisoma sheria kama mtu mwingine yeyote angeisoma.

Kwa mkataba wa miaka mitatu minne, ombeni bila kuwaza mara mbili. Anayechimba mgodi au kujenga bwawa la umeme asiishie kwenye barua: adai kifungu cha utulivu wa kodi, kinachomkinga na mabadiliko ya sheria ya kodi, ndani ya mkataba wake na serikali, na asome vizuri mgogoro utaamuliwa wapi. Nusu nyota iliyobaki nimeizuia kwa jambo dogo: ombi likikataliwa kujibiwa, mara nyingi huambiwi kwa nini.